Debe la Mnana

Mtakaobisha bisheni, mimi nimeyapata kwa ndege wenyewe.

Mnana alikwenda kufanya kazi ng'ambo, akamwachia mjomba wake Kwale, mpenda vikao, debe la mtama wa dharura. Huko akavunjika bawa, kazi ikasimama, njaa ikamkaba. Akatuma salamu aletewe mtama.

"Wa dharura hautolewi ovyo, mwanangu," Kwale akajibu. "Mpaka ukoo ukae."

"Mjomba, mtama wangu, bawa langu. Mnakaa mjadili nini?"

"Ndiyo tukae tujue."

Wakakaa kutwa. Kesho yake Kwale akatua kwa Mnana, tumbo limemvimba, hakubeba kitu.

"Furahi, mwanangu. Wote wamekubali upewe."

"Mtama uko wapi?"

"Ulitaka wazee wajadili shida yako matumbo matupu? Tuliupika. Sasa tuma mwingine, tukupe."