Magoti Yasiyokubali

“Ukimlisha mwongo, thawabu anapata nani?”

Nereo akalirudisha tonge sahanini.

“Jirani mmoja aliuliza hivyo zamani,” Doña Eduviges, mjane aliyewakaribisha, akaendelea, huku akigeuza mkate wa tortilla motoni. “Hapa hapa mezani, mahujaji wakila.”

“Nawe ukamjibuje, bibi?” akauliza Yareli, kwa sauti ya mtoto wa komunyo ya kwanza.

“Mimi? Mdomo wangu ulikuwa umejaa.”

Wakacheka wote. Nereo alicheka wa mwisho, tena kwa kujilazimisha.

Maana wao hawakuwa mahujaji. Walikuwa marafiki watatu kutoka Guadalajara, mabegi mgongoni, wakienda zao baharini kwa basi la bei ya chini kuliko yote kituoni. Basi lenyewe lilikata roho kwenye kona ya tatu ya mlima. Dereva akadandia lori la nyanya, akaahidi kurudi na kipuri, na hapo ndipo walipomwona mwisho. Walitembea mchana kutwa na pakiti moja ya biskuti. Walipofika kijijini, wakaona mlango wenye msalaba wa matawi na benchi la kupumzisha mahujaji. Ulises akawakonyeza wenzake. Ilikuwa Kwaresima, nani angewauliza?

“Tunakwenda kuhiji kwa Mama Bikira, leo siku ya nne kwa miguu,” alisema, akavua kofia.

Mjane hakuwahoji. Alileta beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akapiga magoti sakafuni, akawaosha miguu mmoja baada ya mwingine. Kwenye kisigino cha Nereo kidole chake kilipita polepole, kama anayetafuta kitu. Msafiri wa siku nne hana lengelenge hata moja! Lakini mama wa watu akahamia mguu wa pili.

Kulipoletwa maharage, Ulises akachomoa soseji begini.

“Bibi, ongezea na hii.”

Yareli akamkanyaga chini ya meza. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku ya kutokula nyama.

“Nilikuwa nataka kusema… ni ya mbwa,” Ulises akajikwamua.

“Sina mbwa,” akajibu Doña Eduviges. “Ila iache hapo. Mbwa hakosekani.”

Walilala kwenye magodoro safi, chini ya blanketi nene za sufu. Wenzake walikoroma. Nereo alihesabu boriti za paa.

Asubuhi, mabegi yakiwa tayari mgongoni, mjane alitoka chumbani na kifurushi kidogo kama ngumi ya mtoto. Kitambaa chake zamani kilikuwa cheupe, na uzi mwekundu uliokishona ulikuwa umefifia.

“Ni nywele za mtoto wa nyumba hii,” alisema. “Mtoto wa kifua, wa kupumua kwa shida. Mama yake aliweka nadhiri. Mkifika, wekeni miguuni pa Mama Bikira.”

“Mjukuu wako?” Yareli akauliza.

“Mtoto wa nyumba hii.”

“Mbona hukupeleka mwenyewe?” Nereo akauliza, na papo hapo akatamani angeumeza ulimi wake.

“Nimekwenda mara tisa, mwanangu. Kila nikifika mlangoni, magoti hayakubali.”

Nereo akayatazama yale magoti. Jana yalikunjika sakafuni mara tatu bila kulalamika.

Ulises alikipokea kifurushi kwa mikono miwili, hata akakibusu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yao ilifika njia panda tu. Kulia barabara ilipanda kwa Bikira, kushoto ikateremka baharini. Ulises akakiweka kifurushi juu ya jiwe, chini ya msalaba wa njiani.

“Mwenye hija yake atakiokota.”

“Kuna mtoto hapumui vizuri, Ulises.”

“Kwani mimi ndiye pafu lake?” Lori la mbao lilikuwa linapunguza mwendo, akalipungia. “Mtakatifu Nereo, utuombee! Panda bwana, acha kujitia padri.”

Yareli alicheka, ila macho yake yalikuwa chini. Wakapanda. Nereo akabaki na vumbi lao. Akakiokota kifurushi, akakipangusa kwa shati, akarudi alikotoka. Njia ilikuwa ile ile, lakini kila nyumba aliyoipita aliiona kama ina macho.

Alimkuta Doña Eduviges akisuuza vikombe vyao.

“Bibi, sisi si mahujaji,” akasema akiwa bado kizingitini, kabla ushujaa haujamwisha. “Tulikudanganya tupate kula. Kabidhi hiki kwa mtu mwema, kifike kabla mtoto hajazidiwa.”

Akakiweka mezani, akainamisha kichwa kungoja matusi, au ufagio. Alistahili vyote viwili.

Mjane akakausha mikono kwenye aproni. Akavuta kiti, akaketi.

“Mtoto alizikwa miaka thelathini na minane iliyopita. Mama yake naye alimfuata, nami ndiye niliyemfumba macho. Hiki hakikufika. Aliyekabidhiwa alikwenda baharini.”

Nereo akainua uso.

“Lile swali la thawabu, mwanangu, jirani hakuniuliza mimi. Alimwuliza mama wa mtoto, mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale ulipoketi wewe jana, natafuna, begi langu limeegemea ukuta ule. Nilirudi nacho nimechelewa, nikabaki.”

Nereo akakichukua kifurushi, akatoka, akashika njia ya kupanda kwa Bikira.