Mabuti ya Miaka Kumi

Bi Tulinagwe alikuwa ametoka hospitali juzi tu. Nje mvua ya baridi ilikuwa ikinyesha bila kukoma. Aliketi kwenye kigoda cha dukani akajaribu mabuti ya mpira, marefu, yenye manyoya ndani na soli nene.

"Hayo ni imara, mama," mwenye duka alisema. "Miaka kumi utayavaa."

"Mama, chukua yale mepesi," alidakia binti yake, Sekela. "Ya miaka kumi ya nini?"

Sekela aliziba mdomo kwa kiganja. Aliyoambiwa na daktari faraghani yalikuwa yamemponyoka.

Bi Tulinagwe hakumtazama. "Baba, niletee beseni la maji," alimwambia mwenye duka.

Beseni lilipoletwa, alisimama ndani yake na mabuti yake, akatulia muda mrefu. Hakuna tone lililopenya. Vidole vyake, vilivyokuwa vya barafu tangu wodini, vilianza kupata joto.

"Nayachukua."

"Nikufungie?"

"Ya kufunga ya nini? Nina viazi havijapaliliwa."

"Mama, tungoje mvua ikatike," Sekela alisema, machozi yakimlengalenga.

"Ngoja wewe."

Akatoka. Mfereji wa barabarani ulikuwa umefurika, na kivuko cha mbao kilikuwa hatua tano tu kutoka mlangoni. Bi Tulinagwe alikiacha kando, akainua kanga yake hadi magotini, akaingia katikati ya maji.