Taa ya Mkwe

Siku hizi jua likizama, kila nyumba ya Makorora inaruhusiwa kuwasha kitu kimoja tu, ili umeme utoshe. Umeme wa kumwaga tulioahidiwa hatujausahau. Hoteli ya ng'ambo ya barabara ina kibali cha kuwasha vyote, na hata bwawa lake la kuogelea linawaka.

Kwa Bi Zaituni, kitu hicho kimoja ni mashine ya kumpa hewa mumewe, Mzee Kombo. Jana jioni wakwe walipiga hodi, wamekuja kumposa binti yao, Mwanakheri.

"Washa taa," Mzee alinong'ona.

"Na pumzi yako, Baba Mwanakheri? Niwashe kibatari."

"Kibatari cha kupokelea posa? Thubutu! Watasema tunaishi kama popo."

Akavua mpira wa hewa puani mwenyewe. Bi Zaituni akazima mashine, akawasha taa, akabaki amesimama karibu na swichi.

Mzee Shekue, baba wa kijana, akaketi, akaanza kuulizia hali kwa utaratibu, kama adabu inavyotaka: watoto, majirani, shamba, mbuzi.

"Na wewe mwenyewe, mkwe, afya?"

"Nzuri," Mzee Kombo akajibu, midomo imeshapauka.

Chai ilikuwa bado haijamiminwa.