Matairi ya Lami

Baba mkwe alikuwa amepiga magoti kwenye saruji ya uani, na aliyesimama mbele yake, mikono mfukoni, alikuwa mume wa binti yake. Mkwe mwenye haya angempokea mzee spana. Huyu alisogea tu ili kivuli chake kisimzuie kuona kazi inavyokwenda.

"Anza na la nyuma, Mzee," alisema. Hakuwahi kumwita Baba. "Na usinikwaruzie rimu."

Mzee alichomeka mpini wa kijiko chini ya ukingo wa tairi, akachomeka wa pili, akavuta. Tairi nene la mlimani, meno yake bado yamejaa udongo, likatoka kwa shingo upande.

Alikuwa fundi baiskeli maisha yake yote, lakini safari hii hakuja kufunga matairi. Alikuja kuomba. Binti yake alikuwa ameitwa kazi ya uuguzi katika hospitali ya upande wa pili wa mji, na kesho asubuhi ndiyo mwisho wa kuripoti. Asipoonekana, nafasi anapewa mwingine. Sare nyeupe ilishanyooshwa, inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Mumewe alisema hapana. Mzee akabembeleza mpaka mate yakamkauka, na hapana ikabaki pale pale, ila sasa imeongezewa kicheko.

"Mke wangu kazi anayo, hapa hapa ndani. Na wewe kama umekuja kukaa bure, nifungie yale matairi membamba ya lami niliyonunua. Haya ya mlimani yananichosha, nafika kazini nimelowa."

Bwana huyu alikuwa mtunza stoo, na nyumba aliiendesha kama stoo. Akitoka, alifunga geti kwa nje na kutia ufunguo mfukoni. Akiwepo, komeo lilitosha, kwani mlinzi alikuwa yeye mwenyewe. Baiskeli ililala koridoni, nje ya chumba chake. Meno ya yale matairi yalinguruma kwenye saruji kiasi kwamba hata mkewe akiisogeza kidogo apate kufagia, alisikia sauti kutoka kitandani: "Inakwenda wapi hiyo?"

Mke alileta beseni la maji. Mzee akazamisha mpira wa ndani, akauzungusha taratibu akitafuta mapovu. Baba na binti waliyatazama maji, hawakutazamana.

"Haya membamba yanakwenda vizuri, Baba?"

"Kwenye lami yanateleza. Kwenye mchanga ni kushuka na kukokota."

"Yanakuhusu nini wewe?" mumewe akadakia. "Rudi jikoni."

Alirudi. Mzee akavalisha tairi jipya kwa vidole gumba, akajaza upepo, akahamia la mbele. Mtunza stoo aliingia ndani kunywa maji, na alipotoka alimkuta ameshika nati ya kiti.

"Kiti nani kakuambia ukiguse?"

"Kilikwama kwa kutu. Nimekipaka grisi. Sasa kinapanda na kushuka bila ubishi."

Mzee aliinua macho aliposema hivyo, na mtunza stoo akayaona. Yalikuwa macho ya mtu anayekuchukia hasa, mtu mwenye spana mkononi. Akakumbuka mteremko wa kwenda kazini, na malori yanayokata kona kule chini.

Basi akaikagua baiskeli kama anavyokagua mzigo wa mtu asiyemwamini. Aliminya breki, akavuta nyaya, akatikisa usukani, akajaribu nati moja moja. Kiti kilikuwa kwenye kimo chake kile kile. Bado hakuridhika. Alitoka nayo barabarani, akashuka mteremko polepole, akapanda, akashuka tena kwa kasi na kukaba breki zote mbili. Baiskeli ikasimama pale alipotaka. Haikuwahi kuwa nzima namna ile, hata siku aliyoinunua.

Alirudi akicheka. "Nilidhani utanilegezea kitu, Mzee."

"Nilifikiria," mzee alisema, akifuta spana kwa kitambaa. "Nilifikiria sana."

"Ukaogopa?"

"Baiskeli haina kosa."

"Haya, hayo ya zamani ondoka nayo kesho. Zawadi yako." Akaisukuma baiskeli hadi koridoni, akatia komeo la geti, na usiku ule akalala kama mtu aliyeshinda kesi.

Jua lilimkuta kitandani. Hakuna aliyemwamsha, wala hapakuwa na harufu ya chai chumbani. Alipapasa upande wa pili wa kitanda, shuka lilikuwa la baridi. Akaita mara moja, kisha akaita kwa ukali. Alipogeuka kuvaa suruali, aliuona msumari nyuma ya mlango. Ulikuwa mtupu.

Alitoka mbio. Koridoni palibaki alama ya usukani ukutani. Komeo la geti lilikuwa limefunguliwa, na uani mzee ameketi juu ya yale matairi ya mlimani, anakunywa chai kwa kikombe cha mwenye nyumba.

"Imekwenda wapi?" mtunza stoo alifoka. "Baiskeli yangu imekwenda wapi?"

Mzee alipuliza chai yake, akapiga funda, akameza.

"Kwani hukuisikia?"