Hatua Ishirini na Moja

Kwa mara ya tatu fundi alitembea kutoka getini mpaka mlango wa mbele, kwa mwendo wa kawaida, kama alivyoagizwa. Hakuna aliyemtazama. Wenyeji walikuwa ndani wamejifungia. Alipokanyaga kizingiti alimsikia bibi mzee wa nyumba ile akihema upande wa jikoni.

"Hatua tisa," mke wa mwenye nyumba akasema akimfungulia. "Hazitoshi. Tupatie ishirini."

Fundi akacheka. "Dada, kiwanja chenyewe ndicho hiki. Paka akijinyoosha, mkia unatoka nje."

Mke hakucheka. Alikuwa mpole, wa maneno machache, na alikuwa amemwekea fundi kigoda kivulini kabla hajaomba. Nyuma yake akaja mama mkwe wake, yule bibi, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye goti.

"Wewe ukifika mlangoni, mimi ndiyo kwanza natoka jikoni," bibi akasema. "Na hapo sijambeba mjukuu. Nataka ukifika hapa, sisi tuwe tumeshavuka uzio, tuko kwa jirani."

Ndipo fundi alipouona mlango vizuri. Pembeni mwa kitasa palikuwa na kiraka cha mbao mpya.

"Walivunja?"

"Mwezi uliopita," mke akasema.

"Pole sana. Walichukua nini?"

"Hakuna kilichochukuliwa."

"Basi niwawekee komeo la chuma, kwa ndani."

"Komeo lilikuwapo," bibi akajibu. "Ndiyo maana mlango ukavunjika."

Fundi akaacha mizaha. Wanawake wawili na watoto wawili wadogo, katika mtaa ambao wezi hawana haya hata mchana. Akachuchumaa, akaokota kijiti, akachora mchangani huku akieleza. Geti tulihamishe kule pembeni kabisa. Njia ifuate ukuta, ikate kona, irudi, ikate tena, ndipo ije mlangoni. Juu yake tumwage kokoto, si simenti.

"Simenti haina mdomo," akasema. "Kokoto zitawaambia."

"Na mtu akiruka kona?" mke akauliza.

"Kingoni nitasimamisha matofali, katikati nipande miiba. Ataruka mara moja tu. Bawaba za geti nizitie mafuta?"

"Usizitie."

Fundi akautazama mchoro wake. "Ila mwenye nyumba atasemaje, akute njia imejikunja kama utumbo wa mbuzi?"

"Yuko safari ya kazi. Anarudi Ijumaa. Nitamwambia ndio mtindo wa siku hizi."

"Atakuelewa. Namfahamu bwana yako, ni mtu wa watu. Mwaka jana mkokoteni wangu ulikwama topeni, akavua koti akasukuma mpaka ukatoka. Wala hakutaka asante."

Mke aliinama kuokota kijiti kilichomponyoka fundi. "Ndiyo," akasema. "Kila mtu anamsifu."

Kazi ilichukua siku nne. Bibi alimletea fundi maji kila mara, na kila mara aliufuta kwanza mdomo wa kikombe kwa upindo wa nguo yake. Jioni walifanya mazoezi. Fundi alitoka nje ya geti, akahesabu pumzi chache, kisha akaingia. Mara ya kwanza bibi alijikwaa kwenye kizingiti cha jikoni. Kesho yake fundi alikuja mapema na patasi, akakichonga kizingiti kile mpaka kikawa sawa na sakafu, ingawa hakikuwa katika makubaliano yao.

Kilichomuuma ni watoto. Mkubwa, wa miaka sita, aliachiwa kazi ya kubeba viatu vya wote kwenye mfuko, akaifanya bila kukosea. Mdogo alikuwa hajatimiza minne. Kokoto zilipoanza kulia, aliziba mdomo wake mwenyewe kwa viganja viwili. Hakuna aliyemwambia. Fundi naye ana wajukuu, ikabidi ageuke ajifanye anakagua matofali.

Alhamisi jioni alitembea mara ya mwisho. Geti likapiga kelele, kokoto zikalia. Hatua ishirini na moja. Alipofika mlangoni, ndani mlikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Akazunguka, akapita penye pengo la uzio, akawakuta jikoni kwa jirani. Bibi alikuwa amekaa chini, mjukuu mgongoni, akihema na kutabasamu.

"Nimewahi," akasema. "Mungu akulinde, fundi. Nimewahi."

Ijumaa alasiri fundi alirudi kuchukua vifaa vyake. Alikuwa bombani nyuma ya nyumba akisuuza mwiko, geti likalia.

Kisha kokoto. Nzito, bila haraka.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Bibi alitoka wa kwanza na mdogo mgongoni, mke akafuata akimvuta mkubwa mkono, wote pekupeku. Hawakupiga kelele wala kumtazama. Wakapenya kwenye uzio, mmoja baada ya mwingine, kama walivyozoezwa.

Damu ikampanda fundi kichwani. Mchana kweupe! Akalinyanyua sepetu kwa mikono miwili na kuzunguka mbio mpaka mbele, tayari kumpasua mtu.

Hapakuwa na mwizi. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, begi la safari miguuni, akiuviringisha mkanda wa suruali kwenye kiganja, taratibu, huku akiwaita wanawe kwa majina ya kuwadekeza.