Mlinzi Asiyenusa

Hekaya hii ni ya wanaolinda mitandao ya kompyuta. Wengine nao wasikilize.

Mzinga mmoja ulikuwa na walinzi wawili. Puakali alimtambua kila nyuki kwa harufu. Kidawa hakunusa kitu, tangu moshi wa warina asali ulipomuunguza pua, basi alikaza macho mlangoni kutwa, akitazama mienendo ya wenzake.

Asali ikaanza kupungua.

“Hajapita mgeni,” Puakali aliapa. “Wote wana harufu ya nyumbani.”

“Yupo mmoja,” alisema Kidawa. “Sisi huingia tumelemewa na mzigo, tukatoka wepesi. Huyu huingia mwepesi, akatoka anayumba.”

“Umemnusa?”

“Nimemtazama.”

Mzinga mzima ukaangua kicheko. Kidawa hakujali. Kesho yake yule anayeyumba alipotaka kutoka, Kidawa alimrukia akamng'ang'ania. Bawa lake likachanika, hakuachia. Walipogaragazana, nta ya mzinga na vumbi la maua alivyojipaka mwizi vikapukutika. Kumbe ni nondo, kipepeo wa usiku, tumbo limejaa asali! Nyuki wakamtimua kwa miiba.

Puakali aliinamisha kichwa. “Nilimnusa kila siku, nikamkaribisha kila siku.”

“Harufu huibwa,” alijibu Kidawa, asibanduke mlangoni.

Puakali akaketi kando yake, akaziba pua, akaanza kutazama.