Zawadi ya Mke Mkubwa

"Waulize kama wana singo ya kusugulia mwili," Maua alisema. "Na kama wanakanda hadi nyayo."

Mumewe, Mzee Adinani, alikuwa na simu sikioni na jasho kwenye paji la uso. Upande wa pili alikuwa mtu wa mapokezi wa hoteli moja ya Kigoma, ufukweni kabisa mwa Ziwa Tanganyika. Adinani, muuza asali ambaye mtaa mzima wa Ng'ambo ulimwogopa kwa ukali, aliuliza habari za nyayo kwa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani.

"Wanakanda," alijibu.

"Na chumba cha mvuke?"

"Kipo."

"Basi weka watu wawili. Ijumaa, kutwa nzima."

Ilikuwa zawadi ya kumtuliza. Mwanamume akioa mke wa pili, yule mkubwa hupozwa moyo: mwingine bangili, mwingine doti za kanga, na jirani yao mmoja alipewa jokofu ambalo halijagandisha hata maji mpaka leo. Adinani aliapa mbele ya wazee kwamba Maua ataje chochote, atampa. Moyoni alikuwa ameshajiandaa kwa jokofu.

"Huyo wa pili ni nani?" aliuliza baada ya kukata simu.

"Mtu aliyechoka kama mimi."

Mwanamume anayeoa Ijumaa hana nafasi ya maswali, hasa akishasikia kwamba mke mkubwa siku hiyo hatakuwepo mjini.

Chumba cha mbele kilikuwa kimekwishapakwa rangi ya waridi kumsubiri bibi harusi. Cherehani ya Maua, iliyokaa kwenye dirisha lile miaka thelathini na minane, sasa ilikuwa uani, imefunikwa turubai. Siku alipoikuta huko alimwambia mumewe neno moja tu: "Haitamaliza mwezi hapa." Adinani akadhani anahofia mvua.

Jirani yake Anifa alikuja na sahani ya visheti na uso wa msibani.

"Pole, dada'angu. Nasikia bibi harusi ni mtoto mbichi, tena amesoma. Jina lake nani?"

"Sijamwuliza mume wangu."

"Hata kwao ni wapi?"

"Sijamwuliza."

"Na siku yenyewe ya harusi unakwenda kukandwa miguu!"

"Kwani anaoa kwa miguu yangu?"

Anifa alishika mdomo. "Watu watasema umesusa."

"Nimesusa, ndiyo. Kawaambie, tena anzia sokoni, wasije wakachelewa kusikia."

Jioni ile Maua alimpigia Najiat, mwalimu wa chekechea kule Urambo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na walikuwa wamejuana kwa simu tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelia tena?"

"Kidogo."

"Acha. Utafika macho yamevimba, wa hotelini waseme nimekupiga."

"Lakini mama, mimi sina ruhusa ya kusafiri. Baba hataki nitoke."

"Mimi nimeomba ruhusa nikapewa pamoja na nauli. Akiwa nayo mmoja, tunagawana."

Najiat alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Maua kumsikia akicheka.

Alhamisi asubuhi Adinani alimbebea mkewe begi hadi stendi, akamchagulia kiti cha dirishani, akamnunulia maji na karanga, akamtakia mapumziko mema. Alichangamka kupita kiasi, hata kondakta akamwuliza kama na yeye anasafiri. Basi liliposimama Urambo, Najiat alipanda na kibegi kimoja, amevaa nikabu, mikono yake ameificha ndani ya buibui. Akakaa ubavuni mwa Maua. Walishikana mikono mpaka wakaipita Kaliua.

Ijumaa ikawa siku yao. Walikaa kwenye mvuke mpaka wakalainika kama mihogo ya kuchemsha. Walisuguliwa singo mpaka likatoka vumbi ambalo Maua aliapa ni la tangu zama za misafara ya pembe. Kisha wakalazwa kwenye vitanda viwili vilivyotazama ziwa, upepo unapita, milima ya Kongo inaonekana kwa mbali. Mkandaji wao, dada mmoja aitwaye Marcelina, aliinua mguu wa Maua akaguna.

"Mama, miguu hii imetembea sana!"

"Wala haijaenda popote. Ni cherehani."

Saa nane na nusu mchana simu ya Maua ililia. Adinani ni mtu ambaye akipotelewa na kitu, miwani, kofia, funguo, humwuliza mkewe kwanza, ndipo huanza kutafuta.

"Mama Nassibu!" Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za watu wengi. "Niko huku ukweni, nimeaibika! Sheikh kaingia kuchukua idhini ya bibi harusi, chumbani hamna mtu! Na kungwi wake yuko mlangoni tangu jana, kila anayetaka kuingia anamwambia bibi harusi anasingwa!"

"Hajasema uongo," Maua alijibu.

Akanyoosha mkono hadi kitanda cha pili, akaiweka simu sikioni mwa Najiat.

"Sheikh anakuuliza kama unakubali, mwanangu. Jibu kwa sauti."

Najiat hakufumbua hata macho.

"Sikubali," alisema. "Na huo mguu wa kushoto, dada Marcelina, bado."